Mfahamu Profesa Yash Pal Ghai, mwanasheria aliyeisimamisha Huduma Kadi

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimehama Kimumu, au nimeacha kompyuta na kwenda kufanya mazoezi ya mbio huko Iten. Sijahama, na mbio siziwezi. Nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ndiyo iliyonifanya niandike haya. Leo hakuna msimbo wala picha za skrini. Leo nina historia ya mzee mmoja wa sheria, lakini nitaanza na shule.

Kuna shule moja ya binafsi hapa kwetu, si mbali na barabara ya kwenda Iten. Mkurugenzi wake, mama mmoja ninayemheshimu, aliniita ofisini akanimiminia chai kisha akasema, "Kijana wangu, mimi nataka kitu rahisi. Mtoto akifika langoni anagusa mashine kwa kidole, mzazi anapata ujumbe kwenye simu kwamba mtoto amefika. Akitoka, vivyo hivyo." Nikamjibu, "Sawa madam, nipe wiki mbili." Kwa kweli hata wiki mbili zilikuwa nyingi. Vifaa vya kusoma alama za vidole vinauzwa, programu za kuviendesha zinapatikana bure kwenye mtandao, na kutuma ujumbe mfupi kwa mzazi ni mistari michache tu. Nilishaanza kuhesabu pesa kichwani.

Jioni ya tatu nikawa napanga majedwali ya hifadhidata. Jina la mtoto. Tarehe ya kuzaliwa. Darasa. Simu ya mzazi. Kidole. Nilipofika kwenye kidole nikamkumbuka gogo, yaani nyanya yangu, na kazi ikasimama hapo.

Gogo na mashine

Mtakumbuka mwaka 2019, Aprili na Mei, nchi nzima ilipanga foleni ya Huduma Namba. Mpango wenyewe, ulioitwa NIIMS kwa kifupi, ulikuwa wa kukusanya taarifa zote za mtu mahali pamoja na kumpa namba moja ya maisha. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, nikampeleka gogo kusajiliwa. Nilifurahia sana kuona teknolojia imefika Kimumu, na hata nikawa nawaeleza wazee waliokuwa kwenye foleni jinsi mashine inavyofanya kazi.

Zamu ya gogo ikafika. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Karani akampa kitambaa, akafuta, mashine ikakataa. Wakajaribu kidole kingine, kisha mkono wa pili. Gogo amelima na kukamua ng'ombe maisha yake yote, vidole vyake ni laini kama sabuni iliyotumika. Mashine haitafuti kidole, inatafuta mahali mistari ya ngozi inapokatika na kugawanyika, na kwake mistari hiyo imeisha. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, akaandika kitu kwenye fomu na kumwambia, "Gogo, nenda tu, tutaona."

Njiani gogo akaniuliza, "Sasa mashine ikinikataa, mimi ni nani?" Nikamwambia ni hitilafu ndogo tu, asijali. Akanyamaza kidogo kisha akaniambia kwamba baba yake alipokuwa mfanyakazi kwenye shamba la mzungu alivaa kipande shingoni, na kipande nacho kilikuwa na kidole chake. Mimi nilikuwa nimefundishwa kipande katika somo la historia, lakini sikuwahi kukiona kuwa ni jambo la kompyuta.

Ebu tukiangalie kwa macho ya mtu wa programu. Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, na kumbukumbu za kazi: aliajiriwa na nani, analipwa kiasi gani, ameachishwa lini. Karatasi ikawekwa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Huko makao makuu kulikuwa na nakala. Mfanyakazi akitoroka shamba, anatafutwa kwa rekodi zake. Hiyo ni hifadhidata, ndugu zangu, ila iliendeshwa na makarani badala ya seva. Na Uasin Gishu ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, hata Eldoret wazee bado wanauita Sisibo, kutokana na shamba namba 64. Kipande kilifutwa mwaka 1947, na badala yake ukaja usajili wa watu wa rangi zote.

Kwa hiyo swali la gogo lilikuwa la zamani kuliko nilivyodhani. Mwenye nguvu anapotaka kutuandika, nani anamuuliza kwanza kwa nini, na nini kitatokea kikiharibika? Nilipoanza kusoma kuhusu kesi za Huduma Namba, jina moja likawa linarudi: Yash Pal Ghai.

Kutoka Dar hadi Hong Kong

Profesa Ghai alizaliwa Kenya mwaka 1938, katika jamii ya Wakenya wenye asili ya Kihindi. Alisomea sheria Oxford huko Uingereza, kisha Harvard huko Marekani. Angeweza kubaki huko na kutajirika. Badala yake mwaka 1963 alikwenda kufundisha Dar es Salaam, kwenye kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1961. Alikaa hapo hadi 1971, na akawa mkuu wa kitivo.

Fikiria Dar ya miaka hiyo. Tanzania ikawa nchi ya chama kimoja mwaka 1965, Azimio la Arusha likaja 1967, na katiba ya nchi haikuwa na orodha ya haki za raia. Orodha hiyo iliingizwa baadaye sana, mwaka 1984. Hoja ya viongozi ilikuwa kwamba nchi changa ina haraka ya maendeleo na haiwezi kusubiri mahakama. Hapo ndipo profesa kijana alipokuwa akifundisha sheria ya mamlaka za umma. Naomba ukumbuke hoja hiyo ya haraka ya maendeleo, maana tutakutana nayo tena.

Mwaka 1970 yeye na mwenzake Patrick McAuslan, waliyefundisha naye Dar, walichapisha kitabu kinachoitwa Public Law and Political Change in Kenya. Kwa kifupi, kitabu kinafuatilia jinsi dola ya kikoloni ilivyojengwa kwa sheria zilizowapa maofisa nguvu nyingi bila kuwajibika kwa wanaotawaliwa, na jinsi serikali ya uhuru ilivyoirithi mitambo hiyo na kuendelea kuitumia. Sisi wanaprogramu tunalijua tatizo hilo. Unapewa mfumo wa zamani, unabadilisha rangi na nembo, lakini ndani msimbo ni ule ule. Bendera ilibadilika mwaka 1963. Ofisi ya chifu haikubadilika.

Baada ya Dar alifundisha Warwick huko Uingereza, kisha Chuo Kikuu cha Hong Kong kuanzia 1989 hadi 2005, kipindi ambacho Hong Kong ilirudishwa China. Nchi nyingi za visiwa vya Pasifiki, zikiwemo Papua New Guinea, Vanuatu na Fiji, zilimwita asaidie mambo ya katiba. Kati ya 2005 na 2008 alikuwa mwakilishi maalum wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za binadamu Kambodia. Huko aliikosoa serikali waziwazi, nayo ikamkasirikia, akajiuzulu. Sitakaa sana huko. Mimi nataka turudi nyumbani, mwaka 2000.

Aliyekataa kuapa

Mwaka huo serikali ya Rais Moi ilimteua kuongoza tume ya kurekebisha katiba. Tatizo ni kwamba mchakato ulikuwa umegawanyika vipande viwili. Upande mmoja tume ya Bunge. Upande wa pili kundi la Ufungamano, la viongozi wa dini na mashirika ya raia, lililokuwa likikusanya maoni yake lenyewe. Ghai alisema hataapa mpaka pande hizo mbili ziungane. Watu wa serikali walikuwa na haraka. Yeye hakuwa na haraka. Mwaka 2001 pande zikaungana, kazi ikaanza.

Mimi nimelipenda tukio hili kuliko yote katika maisha yake, kwa sababu linaonyesha anavyofikiri. Kuna hatua ya kwanza na kuna hatua ya pili, na huwezi kuzigeuza kwa sababu una haraka. Ukianza ya pili kabla ya ya kwanza, kazi yote unayofanya ni bure hata kama ni nzuri.

Tume ilizunguka majimbo yote 210 ya wakati huo kusikiliza wananchi. Rasimu ikatolewa mwaka 2002, kisha wajumbe 629 wakakutana Bomas of Kenya kuanzia 2003 hadi Machi 2004. Ndani ya sura ya haki waliweka kipengele cha faragha. Katiba ya zamani ilikuwa inalinda mwili na nyumba yako dhidi ya kupekuliwa ovyo. Rasimu mpya iliongeza kwamba taarifa za familia yako na mambo yako binafsi zisidaiwe wala kuanikwa bila sababu, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Angalia miaka yenyewe. M-Pesa ilianza 2007. Simu nyingi wakati ule zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe, ukiwa na kredi. Hakuna aliyekuwa anazungumza Kimumu kuhusu data. Lakini sentensi ilikuwa imeshaandikwa.

Njia iliyofuata mnaijua. Rasimu ikachezewa, wananchi wakaikataa katika kura ya maoni ya Novemba 2005, zikaja fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Sisi wa Eldoret hatuhitaji kuelezwa kitambulisho kinaweza kumfanyia nini mtu kwenye kizuizi cha barabarani, pale jina lako linaposomwa ili ijulikane wewe ni wa kabila gani. Kisha kamati nyingine ya wataalamu ikatengeneza rasimu mpya, iliyochukua mengi ya sura ya haki kutoka Bomas. Ilipigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa rasmi tarehe 27 Agosti. Kipengele cha faragha kikawa Ibara ya 31.

Na tuseme ukweli, mkoa wetu wa Bonde la Ufa ndio mkoa pekee ambao kura ya Hapana ilishinda. Katiba haikulipiza kisasi. Ibara ya 31 inamlinda gogo yangu sawa na mtu wa Kisumu.

Kuna ibara nyingine ambayo watu wa teknolojia hawaitaji sana, nayo ni ya 22. Inasema mtu au shirika linaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya wengine au kwa faida ya umma, si lazima uwe wewe ndiye uliyeumizwa. Kwangu mimi huo ndio mlango wa kuripoti hitilafu. Mfumo usio na mahali pa kuripoti hitilafu hauwezi kutengenezeka, hata uwe na maandishi mazuri namna gani.

Mwandishi anarudi kama mtumiaji

Mwaka 2011 Ghai, pamoja na mkewe Jill Cottrell Ghai, naye msomi wa sheria, na wakili Waikwa Wanyoike, walianzisha Katiba Institute jijini Nairobi. Kazi yake ni kuhakikisha katiba inafuatwa, kwa kufundisha, kuandika na kwenda mahakamani.

Kesi ya kwanza kubwa ya Huduma Namba haikuwa yao. Ilifunguliwa na Nubian Rights Forum, pamoja na Kenya Human Rights Commission na tume ya taifa ya haki za binadamu. Wanubi wameishi Kibera kwa vizazi, lakini kupata kitambulisho kwao kumekuwa ni kuhojiwa na kusubiri, kwa hiyo walijua mapema kwamba mfumo unaojengwa juu ya kitambulisho utawaacha nje. Sheria iliyoanzisha NIIMS ilipitishwa mwaka 2018 kwa kuingizwa ndani ya muswada wa marekebisho madogo madogo, na iliruhusu kuchukua hata vinasaba, yaani DNA, na mahali pa nyumba yako kwa setilaiti. Tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda: usajili uendelee, lakini vinasaba na setilaiti hapana, na mtu asilazimishwe. Hukumu yenyewe ilitoka tarehe 30 Januari 2020. Majaji watatu walifuta vipengele hivyo viwili, na wakasema mfumo unaweza kuendelea iwapo kutakuwa na kanuni za kutosha za kuulinda. Pia walitambua kwamba kuna watu ambao wanaweza kuachwa nje, wakiwemo wasio na hati na wale ambao vidole vyao havisomeki. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Gogo alikuwa ameingia kwenye hukumu bila jina.

Kati ya hapo, Novemba 2019, Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo (namba imegongana tu na ile ya katiba) kinasema kwamba kama uchakataji wa data unaweza kuhatarisha sana haki za watu, ufanye tathmini ya athari kabla ya kuanza. Tathmini hiyo inaeleza unachukua nini, kwa nini, kama kuna njia isiyo na madhara makubwa, hatari ni zipi na utazizuia vipi.

Tarehe 18 Novemba 2020 serikali ikatangaza kuanza kutoa Huduma Kadi. Zaidi ya watu milioni 36 walikuwa wamesajiliwa. Tathmini haikuwa imefanywa. Katiba Institute ikaenda Mahakama Kuu, na mwombaji wa pili kwenye kesi hiyo alikuwa Yash Pal Ghai mwenyewe, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80.

Upande wa serikali ulikuwa na hoja ambayo mtu wa kawaida angeikubali haraka. Data zilikusanywa Aprili na Mei 2019, sheria ikaja Novemba 2019, sasa sheria itarudije nyuma? Nakiri kwamba hata mimi mwanzoni niliiona ina mantiki. Hatuwezi kulaumu programu ya mwaka jana kwa kanuni za mwaka huu.

Lakini Jaji Jairus Ngaah, katika hukumu ya tarehe 14 Oktoba 2021, hakuikubali. Haki ya faragha haikuzaliwa na sheria ya 2019, ilikuwepo kwenye katiba tangu 2010. Sheria ya 2019 ilikuja kuipa haki hiyo njia ya kutekelezwa. Serikali ilipoamua kukusanya data kabla ya kuweka ulinzi, ilikuwa imeshageuza hatua, na haiwezi kutumia kosa hilo kama kinga. Jaji akabatilisha uamuzi wa kutoa kadi na akaamuru tathmini ifanywe kwanza.

Kwanza hii, halafu ile. Ni jambo lile lile la kiapo cha mwaka 2000. Huyu mtu aliongoza tume iliyoandika sentensi ya faragha kabla ya M-Pesa, akasubiri karibu miaka 20, kisha akarudi kama raia yeyote kuripoti kwamba mfumo haufuati maelezo yake. Ni wangapi kati yetu tunaoandika programu tunaorudi kuangalia kama inawatendea watu tulichowaahidi?

Baada ya hapo

Isiwe kama nasimulia hadithi yenye mwisho mtamu. Serikali iliyoingia mwaka 2022 iliachana na Huduma Namba na kuleta Maisha Namba mwaka 2023. Katiba Institute ikarudi mahakamani, tena kwa hoja ya tathmini, na Desemba mwaka huo ikapata amri ya kusimamisha. Amri iliondolewa Februari 2024 na usajili ukaendelea. Kwa hiyo hitilafu iliyoripotiwa 2020 ilijitokeza tena ndani ya miaka mitatu. Mahakama ni mpimaji mzuri wa mifumo, lakini ni mpimaji wa polepole, na hapimi mpaka mtu apeleke kesi.

Taasisi aliyoianzisha nayo imeenda mbali zaidi ya vitambulisho. Worldcoin ilipopiga picha mboni za macho za watu hapa Kenya kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, Katiba Institute ilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili aliamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Sababu ni zile zile: tathmini haikufanywa, na ridhaa iliyopatikana kwa kuwavutia watu na sarafu si ridhaa halali. Ipo pia kesi dhidi ya Meta, iliyofunguliwa Desemba 2022 na Waethiopia wawili pamoja na Katiba Institute. Mmoja wao, Abrham Meareg, baba yake alikuwa profesa wa kemia aliyeuawa mwaka 2021 baada ya kuandikwa kwa chuki kwenye Facebook. Wanasema jinsi mtandao huo unavyochagua cha kuwaonyesha watu ndiyo iliyoisambaza chuki. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilisema inaweza kuisikiliza kesi hiyo, ingawa kampuni ni ya Marekani.

Hoja inayotolewa dhidi ya kesi hizi ni ile ile niliyowaambia mkumbuke, ya Dar ya miaka ya sitini: tuna haraka ya maendeleo, mnatuchelewesha. Na si hoja ya kijinga. Kila siku ya kuchelewa ina gharama, na mtu asiye na kitambulisho anateseka leo, hawezi kula hukumu. Mimi mwenyewe nataka nchi yenye huduma za haraka. Lakini haraka ya 2018 na 2019 ndiyo iliyoifanya Huduma Namba iende kortini, isimame, na mwishowe iachwe. Wangefanya tathmini mapema, labda sasa tungekuwa na kitu kinachofanya kazi.

Turudi shuleni

Haya, ile shule. Nilifunga kompyuta, na siku iliyofuata nikaandika kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida. Tunachukua nini? Vidole vya watoto. Kwa nini? Kujua nani amefika. Je, kuna njia nyingine? Ndiyo, kadi yenye namba, au hata mwalimu na daftari langoni. Data ikivuja je? Nywila ya mzazi itabadilishwa kwa dakika moja, kidole cha mtoto wa miaka sita hakibadilishwi, ataishi nacho mpaka azeeke kama gogo. Nani anaweza kuingia kwenye seva? Kwa mpango wangu wa mwanzo, mimi peke yangu, kwa kompyuta ambayo huwa naibeba kwenye matatu. Nilipoandika sentensi hiyo niliona aibu.

Nikampelekea mkurugenzi. Hakufurahi. "Kijana wangu, mwingine ataniwekea kwa wiki moja na hataniletea karatasi za mahakama." Nikamwambia, "Ni kweli madam, atakuwekea." Kisha nikamweleza kwamba kwa sheria ya 2019 huwezi kuchakata data za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwamba mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Hapo akaweka kikombe chini. Sitaki kujisifu kwamba nilimgeuza kwa hoja za haki za binadamu, nadhani faini ndiyo iliyozungumza.

Tumekubaliana kadi. Kila mtoto ana kadi yenye namba, anaigusisha langoni, mzazi anapata ujumbe. Watoto watazipoteza, najua, na mwalimu wa zamu atakuwa na daftari kwa ajili ya aliyepoteza. Nimepata pesa kidogo kuliko nilivyohesabu siku ile ya chai.

Jumapili nilimweleza gogo kwamba kuna profesa mzee alikwenda mahakamani, na majaji wameandika kuhusu watu ambao vidole vyao havisomeki. Akavitazama vidole vyake, akauliza, "Kwa hiyo sasa watanisajili namna gani?" Hilo swali bado sina jibu lake, na karani yule hajawahi kupiga simu.

Kama na wewe unaandika programu zinazochukua data za watu, andika zile kurasa mbili kabla ya kuanza. Tukutane tena wiki ijayo, na safari hii nitaleta msimbo.